Nyota mbili na nusu kwa idara ya madai: fidia ya mkono wangu, Tanga mjini

Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya dada wa mapokezi peke yake. Jina la kampuni ya bima silitaji. Hela imeshaingia, yamekwisha, sitaki kuitwaitwa. Lakini kama umegongwa na gari na sasa bima wanakuzungusha, soma mpaka chini, maana haya huyakuti kwenye kile kipeperushi chao chenye picha ya familia inayocheka.

Tuelewane kwanza nyota hizi natoa za nini. Mie sikuwa mteja wao. Aliyewalipa ni mwenye gari. Mie niliumizwa na gari walilolikatia bima, kwa hiyo kwao nilikuwa gharama iliyopanda ngazi na kuomba kiti. Wateja wao huenda wana mengine ya kusema, na wayaseme wenyewe.

Desemba 2024 nilikuwa abiria kwenye bajaji, natoka soko la Mgandini kununua zipu na uzi. Karibu na Mabanda ya Papa pikapu ikaingia barabarani bila kusimama. Bajaji ikalala ubavu, nikaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Dereva wa pikapu hakukimbia, alikiri, akapelekwa mahakamani akalipa faini. Hapo sina la kuongeza. Polisi nilipata PF3, ile fomu ya majeruhi ya kwenda nayo kutibiwa, hospitali ya Bombo nikapigwa eksirei na kufungwa hogo, nikarudi nyumbani Ngamiani nimeuning'iniza mkono shingoni kwa kipande cha kanga.

Kazi yangu ni cherehani. Anayejua cherehani anajua mkono wa kulia una maana gani, na anajua Desemba ni mwezi gani: wazazi ndiyo wanaanza kuleta watoto kupimwa sare.

Kabla sijaenda ofisini kwao, mpwa wangu alihakiki bima ya ile pikapu kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini. Unaingiza namba ya gari, inakuonyesha kampuni iliyolikatia bima na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Fanyeni hivyo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mwenye gari mwenyewe, maana stika ya kwenye kioo inaweza kusema hili na mfumo ukasema lile. Yetu ilikuwa hai. Ilikuwa bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo. Wengi tunaiona ni karatasi ya kumnyamazisha trafiki. Kumbe kazi yake hasa ni kumlipa aliyeumizwa na chombo hicho, au familia yake kama amekufa.

Sasa ofisi. Iko mjini kati, ghorofani, kiyoyozi kinafanya kazi, maji ya kunywa yapo. Mwenye mguu mbovu atateseka na zile ngazi, na kwa ofisi inayopokea watu waliovunjika sijui nani aliona ni sawa. Dada wa mapokezi ndiye mtu pekee mle ndani anayejua kazi yake inamhusu nani. Aliniandikia kwa mkono orodha ya nyaraka: PF3, ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, nakala ya hukumu, ripoti ya daktari, risiti zote, kitambulisho cha NIDA. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kila unacholeta, njoo na nakala mbili. Moja nakugongea muhuri wa kupokelewa, unaondoka nayo." Baadaye ripoti yangu ya mazoezi ya viungo ilipopotea kwenye faili lao, ule muhuri wa rangi ya zambarau ndio uliowafanya waitafute vizuri. Iliibuka siku hiyohiyo.

Wa kuzungumza naye fidia ni mtu mwingine. Kampuni ilileta mtathmini wa hasara kutoka nje, anayefanya kazi na kampuni mbalimbali. Kijana mtanashati, shati limenyooka, kompyuta mpakato, kikokotoo. Heshima anayo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanipa pole, akaniuliza watoto, akaniuliza kama nimeshakula. Halafu akaniambia kampuni imenifikiria na iko tayari kunipa shilingi 512,000. Nikisaini palepale, wiki inayofuata hela iko benki.

Nikamuuliza imepatikanaje. Risiti zangu za hospitali na dawa zilikuwa 412,000. Iliyobaki, laki moja kamili, ilikuwa "pole ya kampuni".

Nikamwambia, "Mwanangu, huu mkono bado umo ndani ya hogo. Mie mwenyewe sijauona. Wewe umeuonaje?"

Akacheka, kwa kweli alicheka vizuri, na akafunga faili bila kinyongo. Lakini hapo ndipo pa kutazama. Ile hati aliyotaka nisaini, wao wanaiita dischaji, ilisema napokea kiasi hicho kumaliza madai yangu yote, ya sasa na yatakayojitokeza, dhidi ya kampuni, mwenye gari na dereva. Ukisaini hogo likiwa mkononi, mfupa ukaja kuunga vibaya, hiyo ni shauri yako na Mola wako. Haraka yao yote ni ya hapo. Mtu ana hogo, kodi ya fremu inakaribia, Januari hiyo na ada za shule, anaona laki tano mezani. Wanajua.

Nikakataa kuzungumza bei mpaka daktari aseme amemaliza. Nilipata nguvu ya kusema hivyo kwa wakili mmoja, kaka wa jirani yangu, aliyenieleza mambo mawili bila kunitoza kitu. La kwanza, dai la kuumizwa kwa uzembe wa mtu lina miaka mitatu kulifikisha mahakamani, kwa hiyo wiki mbili tatu za kusubiri mkono upone haziniui. La pili ni kwamba fidia ina mafungu mawili. Kuna hasara unayoweza kuihesabu, yaani matibabu, nauli, kipato, na hiyo lazima uithibitishe shilingi kwa shilingi, hakimu hakuonei huruma. Na kuna fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu, ambayo haina risiti, mahakama inapima yenyewe. Alichokifanya yule kijana ni kuchukua fungu la kwanza, tena risiti peke yake, na fungu la pili akaliita pole.

Hogo lilitoka mwishoni mwa Januari. Mazoezi ya viungo yakaanza: kubana mpira, kugeuza kiganja, kuinua chupa ya maji. Kwa kipindi hicho mawasiliano yao napa nyota moja, na ni kwa sababu hakuna sifuri. Simu ya mezani haipokelewi. Ya mtathmini inapokelewa na unaambiwa "niko safarini Muheza", "niko Korogwe", "nitakupigia jioni mama". Jioni ya nani, sijui. Kisha ikaja barua, kurasa mbili za Kiingereza kitupu, kumwandikia fundi cherehani wa Ngamiani. Mpwa wangu akanisomea: kampuni inaomba nianze na bima ya bajaji, kwa kuwa mimi nilikuwa abiria wa bajaji na huenda ilizidisha watu.

Hii mbinu ijueni. Ukiikubali unakwenda kwa wale, wale wanakwambia aliyekosea ni pikapu, unarudi kwa hawa, mwaka unakatika uko njiani. Bajaji inaruhusiwa abiria watatu, na tulikuwa watatu. Mchoro wa polisi ulionyesha wazi nani alikuwa na haki ya barabara, na hukumu ilimtia hatiani dereva wa pikapu. Nikajibu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikabandika mchoro na hukumu nyuma, nikaandika chini kwamba nisipojibiwa nitapeleka malalamiko TIRA na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nakala mbili, muhuri. Habari ya bajaji haikutajwa tena, na simu ya yule kijana ikaanza kupokelewa mlio wa pili.

Tulikaa mezani Aprili, Iddi imeshapita. Nililiandika dai langu mwenyewe: matibabu 412,000, nauli 138,000, kipato 1,450,000, msichana wa kunisaidia kazi za nyumbani 180,000, maumivu na ulemavu 3,000,000. Jumla 5,180,000. Sikutarajia kuipata yote. Ukienda pale na bei yako ya mwisho umekwisha, watakata papo hapo.

Risiti za hospitali hazikuwa na mjadala. Nauli alitaka kuifuta, bodaboda hawatoi risiti. Nikamwonyesha tarehe za kliniki na za mazoezi kwenye kadi ya hospitali, nikamwuliza anadhani nilifika Bombo kwa kuruka? Akaandika 80,000. Msichana wa kazi akamfuta kabisa, nikang'ang'ana, akanishinda, kwa sababu sikuwa na karatasi yoyote ya kumlipa yule binti. Sawa.

Kwenye kipato ndipo tulipokaa sana. Aliniuliza taarifa ya benki. Fundi gani wa Ngamiani anapitisha hela ya kupunguza dera benki? Nilikuwa nimechapisha miamala ya simu ya mwaka mzima. Akajumlisha, akatoa gharama za uzi na umeme kwa kukisia, akagawa kwa kumi na mbili, akapata laki tatu kwa mwezi. Akazidisha kwa mwezi mmoja na nusu, muda wa hogo. "Laki nne na nusu, mama. Nimekuwa muungwana."

Nikatoa daftari. Nashauri mafundi wote, na mama lishe, na wasusi: wekeni daftari, hata la shilingi mia tano. Langu lina vipimo, jina, simu, bei, alichotanguliza, alichobakiza, na tarehe ya kuchukua. Nikamfungulia Januari 2024. Kurasa zimejaa hadi pembezoni: sketi za bluu, mashati meupe, kaptula, watoto watatu wa nyumba moja, mapacha wa Makorora. Nikafungua Januari 2025. Mstari mmoja, kubadilisha zipu, na huo niliufanyiwa na jirani. Nikamwambia, wewe umegawa kwa kumi na mbili, lakini mie sikuvunjika kwenye mwezi wa wastani. Nimevunjika kwenye mwezi unaonilipia kodi mpaka Juni.

Halafu Februari. Yeye kijana wa Kiislamu, hakuhitaji maelezo. Iddi ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, na Februari yote hiyo ni Shaaban. Shaaban ndipo wanawake wanaleta vitambaa, maana Ramadhani ikishaingia fundi mzuri hapokei tena. Hogo lilikuwa limetoka, ndiyo, lakini vidole havikuwa vinafunga. "Daktari anasema uliruhusiwa kufanya kazi nyepesi," akasema.

Nilikuwa nimekuja na mkasi wangu kwenye mkoba. Si mkasi wa ofisini, ni ule mzito wa chuma, mpini umefungwa utepe, wa kukatia kitenge kilichokunjwa mara nne. Nikautoa pamoja na kipande cha kanga kuukuu, nikakitandika juu ya meza yake, nikaanza kukata. Mkato wa kwanza ulikwenda. Wa pili mkono ukaanza kutetemeka, mkasi ukapinda kushoto. Wa tatu sikuweza kuubana mpaka mwisho, kitambaa kikatafunika katikati ya makali. Sikuigiza. Kidole gumba hakikuwa na nguvu, na hata leo ninapoandika nikikata kitambaa kizito namwita binti wa fremu ya pili. Nikamwambia, "Kazi nyepesi kwa fundi ni ipi? Kuhesabu vifungo?"

Hakucheka safari hii. Akauchukua ule mkasi akaupima uzito mkononi mwake. Akaandika 1,100,000 kwenye kipato. Hakutoa yote niliyoomba, lakini alikuwa ametoka laki nne na nusu, na aliiandika bila kumpigia mtu simu.

Hapa nimpe haki yake. Huyu kijana si mwizi. Anajua hesabu, anasoma ripoti ya daktari na kuielewa, hakuniinulia sauti hata mara moja, na ukimletea ushahidi anasogea. Tatizo ni kwamba hasogei mpaka uulete. Analipwa na kampuni, hana kazi ya kukukumbusha kwamba hujadai nauli. Ningekuwa mwenye kampuni ningempandisha cheo. Mie niliyekaa ng'ambo ya meza nampa nyota tatu.

Kwenye maumivu na ulemavu tulianza na laki tatu. Daktari alikuwa ameandika kwamba kifundo hakikunji sawasawa na kutaja ulemavu wa kudumu wa asilimia 7. Kijana akataka kuichukua hiyo saba na kuizidisha na kile kipato cha wastani, hesabu nzuri tu ya darasani, inayotoa kiasi kidogo sana. Nikamjibu kwamba asilimia saba ya mwili mzima sikatai, lakini kwa mkono wa kulia wa fundi si saba, na mahakamani tutamwachia hakimu apime. Akasema mahakamani utachelewa mama. Nikamwambia nina miaka mitatu, na nimetumia miezi minne tu. Alitoka nje kupiga simu. Akarudi na jumla ya 1,900,000. Nikasema milioni tatu na nusu. Akatoka tena. Mwisho tukafungia 2,750,000 kwa ujumla wake, ambapo maumivu na ulemavu ikawa 1,158,000.

Ningeweza kuvuta zaidi? Labda. Wakili alisema mahakamani huenda ningepata zaidi, na huenda ningekaa muda mrefu nikilipa nauli ya kwenda kuambiwa kesi imeahirishwa. Nilipima, nikaona inatosha. Ni zaidi ya mara tano ya ile waliyonitandikia nikiwa na hogo, na tofauti hiyo imetokana na kusubiri daktari amalize, na karatasi ambazo nyingi nilikuwa nazo ndani tangu siku ya kwanza.

Dischaji sikuisaini palepale. Niliomba kwenda nayo nyumbani, wakasitasita, wakanipa. Mpwa wangu aliisoma, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, jina langu limekosewa herufi moja. Kwa herufi moja hiyo benki ingenizungusha Tanga nzima. Nikairudisha irekebishwe, ndipo nikasaini mbele ya shahidi. Waliahidi siku kumi na nne, zikapita. Dada wa mapokezi akanipigia mwenyewe, bila kuulizwa, kuniambia faili limekwama makao makuu kwa ajili ya sahihi moja. Mwezi haukuisha, ikaingia, kamili, haikukatwa kitu. Hapo nawasifu, maana nimesikia ya watu wengine.

Neno kuhusu vishoka. Pale nje ya hospitali na hata karibu na mahakama utakutana na watu wanaojiita wa bima, wanakwambia wape PF3 yako watakushughulikia, mtagawana nusu kwa nusu. Aliyenifuata mie alikuwa na bahasha ya kaki na miwani, anaongea kama wakili. Nilimwomba kitambulisho, akasema amekisahau Pongwe. Msimpe mtu PF3 halisi. Ukihitaji msaada tafuta wakili mwenye ofisi na risiti.

Basi kama faili lako liko ofisi yenye ngazi ndefu na maji ya kunywa, nenda asubuhi ya saa mbili na nusu, kabla ya foleni ya wenye magari wanaokuja kukata stika. Mtathmini haonekani kabla ya saa nne, lakini dada wa mapokezi yupo, na muhuri yuko nao mwenyewe. Mpe salamu kutoka kwa fundi wa mkasi, anajua.